Nani Alilipia Malezi? Mambo ya Kijamii na Ukuzaji wa Vipaji vya Soka la Vijana Tanzania Bara, 1930–2020

Utangulizi

Tarehe 14 Aprili 2019, katika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, timu ya taifa ya vijana wenye umri wa chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilifungwa na Nigeria mabao 5 kwa 4 katika mchezo wa ufunguzi wa fainali za Afrika. Siku chache baadaye ilifungwa na Uganda 3 kwa 0, kisha na Angola 4 kwa 2. Mwenyeji wa mashindano akatoka bila pointi, nyavu zake zikiwa zimetikiswa mara 12 katika michezo mitatu. Miezi miwili baadaye timu ya wakubwa, Taifa Stars, ilicheza nchini Misri fainali zake za kwanza za Kombe la Mataifa ya Afrika tangu mwaka 1980, nayo ikapoteza michezo yote mitatu, mbele ya Senegal, Kenya na Algeria.

Mjadala uliofuata ulikuwa ule uliozoeleka. Lawama zilielekezwa kwa makocha, kwa uhaba wa viwanja, kwa viongozi na kwa klabu kubwa zinazopenda wageni. Kila moja ya lawama hizo ina ukweli wake, lakini zote zina kasoro moja: zinalitazama soka kana kwamba linajitegemea, na kwamba mchezaji huzaliwa siku anaposajiliwa. Makala haya yanashika njia nyingine. Yanaitazama miaka ile iliyo kati ya utoto na usajili, yaani tangu mtoto anapofikisha takribani miaka 12 hadi anapofikisha 18, na kuuliza swali la kihistoria: katika vipindi mbalimbali, ni nani aliyelipia malezi ya mchezaji katika miaka hiyo?

Neno “kulipia” linatumika hapa kwa maana pana. Halihusu fedha pekee. Kuna muda unaotolewa na mwalimu baada ya masomo, kuna chakula cha jioni kwa kijana aliyekimbia saa mbili bila kufanya kazi yoyote ya nyumbani, na kuna ruhusa ya mzazi, ambayo huenda ndiyo gharama kubwa kuliko zote kwa familia inayomtegemea kijana huyo. Hoja inayojengwa ni kwamba kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 gharama hizi zilibebwa na taasisi zisizokuwa za soka: shule, mahali pa kazi, mtaa na familia. Klabu zilivuna pasipo kupanda. Taasisi hizo zilipobadilika, kwa sababu ambazo nyingi hazikuhusiana na soka hata kidogo, mzigo wa malezi ulibaki njiani bila mwenyewe. Zanzibar, yenye historia yake ndefu ya kandanda na chama chake, imeguswa tu pale inapolazimu.

Shule ya misheni, kiwanja cha mtaa

Soka liliingia katika ukanda huu kupitia madarasa kabla ya kuingia mitaani. Wanafunzi wa Kiungani, Unguja, katika shule ya Misheni ya Vyuo Vikuu (UMCA), walikuwa wakiucheza mchezo huu katika robo ya mwisho ya karne ya 19, na walipopelekwa bara kuwa walimu na makatekista waliuchukua pamoja na vitabu. Kwa wamisheni, na baadaye kwa maofisa wa elimu wa serikali ya Kiingereza, mpira ulikuwa sehemu ya kufundisha nidhamu, utii wa amri na kuheshimu muda. Kwa vijana wenyewe ulikuwa mchezo. Pande hizi mbili hazikuelewana kamwe kuhusu nini hasa kilichokuwa kikiendelea uwanjani, na si lazima mwanahistoria azipatanishe. Kilicho muhimu ni kwamba tangu mwanzo kijana aliyepata mpira halisi, kiwanja kilichopigwa mistari na mtu mzima wa kumsimamia alikuwa kijana wa shule, na katika Tanganyika ya miaka ya 1920 na 1930 vijana wa shule walikuwa wachache mno.

Nje ya shule, soka lilikulia katika miji, hasa Dar es Salaam. Young Africans ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya wanachama walijitenga na kuunda klabu ambayo, baada ya kubadili majina, ilijulikana kwa miaka mingi kama Sunderland, na tangu 1971 kama Simba. Klabu hizi zilifanana zaidi na vyama vya ngoma vya pwani kuliko na klabu za Ulaya ambazo majina yake ziliyaazima. Zilikuwa jumuiya za watu waliokutana Kariakoo na mitaa ya jirani, zenye wazee, wafadhili, ushindani mkali na mpinzani mmoja wa kudumu, kama ilivyokuwa katika beni. Mwanachama alijiunga ili awe na watu wake katika mji wa wageni; mchezaji alikuja kwa sababu alikuwa tayari anajua kucheza.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Klabu iliyoanzishwa na wanachama kwa ajili ya heshima ya wanachama hupimwa kwa mchezo wa Jumapili hii, hasa ule dhidi ya jirani. Kiongozi aliyeshindwa mchezo huo hakuokolewa na kusema kwamba ana watoto 20 wazuri watakaokomaa baada ya miaka sita. Muundo huo wa motisha, uliozaliwa kabla ya vita kuu ya pili, haukubadilika klabu hizo zilipokuwa na mashabiki mamilioni. Ni kosa basi kuzilaumu kwa kuacha kulea vijana. Kulea vijana hakukuwa miongoni mwa mambo yaliyozileta duniani.

Ajira na ruhusa ya mzazi

Baada ya uhuru, serikali ilichukua michezo kuwa jambo la umma. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea. Shuleni, michezo ya wanafunzi ilipangwa kufuata ngazi za utawala: shule kwa shule, kisha wilaya, mkoa na hatimaye taifa, kupitia mashindano yaliyokuja kujulikana kama UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Kwa kuwa Azimio la Musoma la 1974 lililenga kumwingiza kila mtoto shuleni, ngazi hizo zilipata msingi mpana ambao shule za wakoloni hazikuwa nao kamwe.

Ubora wa mfumo huu haukutokana na mafunzo ya kiufundi, ambayo yalikuwa duni. Ulitokana na ukweli kwamba ulimfikia mtoto wa Newala na wa Ngara kwa njia ileile iliyomfikia mtoto wa Ilala. Mwalimu wa michezo alikuwa mtafuta vipaji asiyelipwa. Alimjua mtoto kwa jina, alijua umri wake kutokana na rejesta, alijua baba yake ni nani na kama nyumbani kuna chakula. Kijana aliyechaguliwa kuwakilisha mkoa alisafiri kwa gari la serikali, akalala bwenini na kula kwa gharama ya umma. Mzazi hakuombwa senti.

Hata hivyo shule ilikuwa nusu tu ya mfumo. Nusu ya pili ilikuwa ajira. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashirika ya umma, viwanda na majeshi yaliunda timu zao, na majina yao yanasomeka kama orodha ya uchumi wa dola: Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, RTC ya Kagera, Ushirika ya Moshi, CDA ya Dodoma, Sigara ya Dar es Salaam. Mchezaji katika timu hizo aliandikwa kazini. Pengine alikuwa karani, pengine dereva au mtunza ghala, na pengine hakuonekana sana katika ofisi hiyo. Lakini alikuwa na mshahara, matibabu, na mara nyingi nyumba. Siku ambapo goti lingegoma, kazi ingebaki.

Ni hapa ambapo historia ya soka inakutana na historia ya familia. Malalamiko kwamba “mpira ni uhuni” ni ya zamani, na hayakutokana na chuki dhidi ya mchezo. Yalikuwa hesabu. Mzazi aliyemhitaji kijana shambani, sokoni au katika mitihani aliuliza mchezo huo utamfikisha wapi. Katika enzi ya mashirika kulikuwa na jibu linaloeleweka: utamfikisha Reli. Jibu hilo halikuhitaji ndoto ya Ulaya wala wakala. Lilihitaji tu kuonesha kijana wa jirani aliyepata kazi kwa mguu wake wa kushoto. Ruhusa ya mzazi, ambayo wachambuzi wa soka huiona kama suala la mtazamo au utamaduni, ilikuwa imejengwa juu ya msingi wa kiuchumi.

Kikosi kilichofuzu fainali za 1980, kwa bao la kusawazisha la Peter Tino dhidi ya Zambia mjini Ndola mwaka 1979, kilitoka katika ulimwengu huo. Nchini Nigeria kilifungwa na wenyeji na Misri, kikatoka sare ya 1 kwa 1 na Ivory Coast. Miongoni mwa mabeki wake alikuwemo Leodegar Tenga, mhandisi aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ambaye baadaye aliongoza Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) kuanzia 2004 hadi 2013. Hakuna haja ya kulikuza kundi hilo kuwa kizazi cha dhahabu. Lilikwenda fainali na kurudi bila ushindi. Lakini kwamba mtu mmoja aliweza kuwa mwanafunzi wa uhandisi na beki wa taifa kwa wakati mmoja kunaonesha kuwa shule na soka havikuwa vimewekwa katika mizani moja, kimoja kipande kingine kishuke.

Ushahidi mwingine ni ramani ya mabingwa. Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa mwaka 1975, Tukuyu Stars ya Mbeya mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988. Baada ya Mtibwa Sugar kutwaa ubingwa wa 1999 na 2000, kombe la ligi halikutoka tena Dar es Salaam katika kipindi chote kinachochunguzwa: lilizunguka kati ya Simba na Yanga, isipokuwa msimu wa 2013/14 lilipokwenda Azam. Ubingwa wa wakubwa si kipimo cha moja kwa moja cha malezi ya vijana, na mtu anaweza kusema kwa haki kwamba fedha za udhamini na televisheni zinaeleza sehemu kubwa ya mabadiliko hayo. Lakini unaonesha mahali ambapo mshahara wa mpira ulipatikana, na kijana hufuata mshahara.

Mashirika yanapouzwa

Makubaliano ya serikali na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986, na ubinafsishaji wa mashirika ya umma uliopamba moto katika miaka ya 1990, havikuandikwa na watu waliokuwa wakifikiria soka. Shirika lililokuwa likipoteza fedha lilipunguza watumishi, na timu ya mpira ilikuwa miongoni mwa vitu rahisi kukata. Mnunuzi wa kiwanda alinunua mitambo, hakununua timu. Katika Ligi Kuu ya msimu wa 2018/19, iliyokuwa na timu 20, hapakuwa na hata moja kati ya zile saba zilizotajwa hapo juu. Waliobaki kutoka enzi ile ya mwajiri ni viwanda viwili vya sukari, Mtibwa na Kagera, pamoja na timu za majeshi kama JKT Tanzania, Ruvu Shooting na Tanzania Prisons. Halmashauri zilijaribu kushika nafasi iliyoachwa. KMC na Mbeya City ni mifano. Pamba yenyewe ilikuja kurejea Ligi Kuu mwaka 2024, ikiwa mikononi mwa Jiji la Mwanza.

Kilichopotea hakikuwa timu pekee. Lilipotea lile jibu la mzazi. Kijana wa Morogoro wa mwaka 1998 mwenye kipaji sawa na cha mjomba wake wa mwaka 1978 alikuwa akiingia katika mchezo wa kubahatisha: ama Simba, Yanga au nje ya nchi, ama kurudi nyumbani na miaka sita iliyopotea. Mzazi aliyemwambia ashike masomo, ashike kinyozi au ashike biashara ya mitumba hakuwa adui wa soka. Alikuwa amesoma alama za nyakati vizuri kuliko viongozi wa chama.

Miaka ya kusitishwa kwa michezo shuleni

Pigo la pili lilitua juu ya nusu ya kwanza ya mfumo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wizara iliyosimamia elimu ilisitisha mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba michezo ilikula muda wa masomo. Mashindano hayo yalirejeshwa baada ya serikali ya awamu ya nne kuingia madarakani mwishoni mwa 2005.

Uamuzi huo umekuwa ukilaaniwa na wanamichezo kwa miaka mingi, na lawama hizo zimeuondoa katika mazingira yake. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulifuta ada, na idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikapanda kutoka takribani milioni 4.4 mwaka 2000 hadi takribani milioni 7 mwaka 2004. Kwa ofisa elimu wa wilaya aliyekuwa na darasa moja lenye watoto zaidi ya mia, kutafuta magari na chakula kwa ajili ya mashindano ya mpira kulikuwa jambo la mwisho katika orodha yake. Katika shule nyingi za mijini madarasa mapya yalijengwa mahali pekee palipokuwa na nafasi, yaani kiwanjani. Kwa maneno mengine, hata pasipo amri ya wizara, michezo ya shule ingekuwa imebanwa na upanuzi wa elimu ambao wengi wa wanamichezo waliuunga mkono wakiwa wazazi. Palikuwa na haki mbili zilizogombania kiwanja kimoja.

Hilo halifuti madhara. Mtoto aliyekuwa na miaka 11 mashindano yaliposimama alikuwa amevuka umri wa shule ya msingi yaliporejea. Si kwamba hakucheza. Watoto hawasitishwi kwa waraka. Alicheza mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiandika jina lake. Na mwalimu wa michezo aliyestaafu au kuhamishwa katika miaka hiyo aliondoka na ujuzi ambao haukuwa umeandikwa popote: nani wa kumpigia simu mkoani, namna ya kumshawishi mzazi mgumu, jinsi ya kumtambua mtoto anayeona pasi kabla ya mpira kumfikia.

Shule chache zilipinga upepo. Mfano unaojulikana zaidi ni Shule ya Sekondari Makongo jijini Dar es Salaam, iliyo chini ya jeshi, ambayo chini ya uongozi wa Kanali Idd Kipingu ilijijengea jina kwa kuchukua vijana wenye vipaji vya michezo na kuwapa nafasi ya masomo. Makongo inathibitisha hoja ya makala haya kwa njia ya kinyume. Iliweza kwa sababu ilikuwa na mwajiri mkubwa nyuma yake, bweni, na mtu aliyekuwa na mamlaka ya kusema ndiyo. Lakini ilikuwa shule moja, nayo ilikuwa Dar es Salaam.

Mchangani

Mahali ambapo jina halikuandikwa pana jina lake: mchangani. Soka la mchangani, chandimu za watoto wenye mpira wa makaratasi au soksi, kombe la mbuzi la vijana wakubwa, mechi za ndondo zinazochezwa jioni mbele ya umati uliosimama mpaka juu ya mstari, ndilo lililochukua mzigo shule ilipoutua. Mbwana Samatta, aliyezaliwa mwaka 1992 na kukulia Mbagala, alikuwa katika umri wa shule ya msingi miaka ile ile ya kusitishwa kwa mashindano. Alipita African Lyon, akaingia Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, na baada ya kutwaa ubingwa wa Afrika wa 2015 alitajwa mchezaji bora wa mwaka kati ya wanaocheza barani. Kisha Genk, ubingwa wa Ubelgiji mwaka 2019, na Aston Villa Januari 2020.

Kisa hiki husimuliwa kama uthibitisho kwamba kipaji cha kweli hakizuiliki. Kinaweza kusomwa kwa namna nyingine. Mbagala ipo Dar es Salaam. Mtaa wenye watu wengi, viwanja vya mchanga vingi na klabu za ligi zilizo umbali wa daladala moja unaweza kufanya kazi ya shule, kwa kiasi fulani. Kijana wa Masasi hakuwa na mtaa wa namna hiyo. Kusitishwa kwa michezo ya shule hakukuua vipaji. Kulivihamishia mahali ambapo jiji lingeweza kuviona, na kuwaacha wengine wote gizani. Ndiyo maana kuhesabu nyota waliochipuka katika kipindi hicho hakutoshi kupima hasara yake. Waliokosekana hawana majina.

Mchangani pia una sheria zake za malezi, na si zote njema. Mtoto hujifunza chenga na ujasiri kwa sababu kiwanja ni kifupi na mabeki hawana huruma. Hajifunzi kucheza bila mpira, kwa sababu hakuna anayemshangilia mtu asiye na mpira. Fedha za dau huwapa wakubwa motisha ya kumchezesha aliye tayari leo, hivyo mwembamba wa miaka 14 hukaa nje akisubiri mwili. Zaidi ya hayo, mchangani hauna rejesta.

Umri na karatasi

Mwaka 2005 Serengeti Boys iliondolewa katika fainali za Afrika zilizofanyika Gambia, baada ya kuwa imefuzu, kwa sababu ya kumtumia mchezaji aliyezidi umri. Aibu ile ilielezwa kama udanganyifu wa watu wachache. Lakini kudanganya umri huwa rahisi pale ambapo umri hauna mlinzi. Takwimu za afya na idadi ya watu za mwaka 2010 zilionesha kwamba Tanzania Bara chini ya mtoto mmoja kati ya watano wenye umri wa chini ya miaka mitano alikuwa amesajiliwa kuzaliwa kwake. Kwa wengi, kumbukumbu pekee ya umri iliyoandikwa mapema na mtu asiye na maslahi katika soka ilikuwa rejesta ya darasa la kwanza. Soka la vijana lilipojitenga na shule, lilijitenga pia na shahidi wake. Haifai kusema kwamba kusitishwa kwa michezo shuleni kulisababisha tukio la 2005, kwani udanganyifu wa umri ulikuwepo kabla na katika nchi nyingi. Inafaa kusema kwamba kuliondoa kizuizi.

Madhara kwa malezi ni makubwa kuliko adhabu ya shirikisho. Nafasi ya mtoto halisi wa miaka 15 inapochukuliwa na kijana wa miaka 19, wote wawili wanapotea: mmoja hachezi, na mwingine anafikia kilele chake miaka minne kabla ya karatasi zake, akashangaza kila mtu kwa kuchakaa mapema. FIFA ilipoanza mwaka 2009 kupima mifupa ya kifundo cha mkono katika fainali za dunia za vijana, swali likahama kutoka kwa karani wa vizazi kwenda kwa daktari. Serengeti Boys iliyokwenda Gabon mwaka 2017, ikatoka sare na Mali, ikaifunga Angola na kufungwa na Niger kwa bao moja, iliandaliwa katika mazingira hayo mapya.

Binti na kazi za nyumbani

Kwa wasichana historia hii inasomeka tofauti. Hawakuwahi kuwa na Reli wala Bandari ya kuwaajiri kwa ajili ya soka, na mchangani jioni ni saa ya maji, kuni na jiko. Kwao shule ilikuwa karibu njia pekee, kwa sababu ilikuwa mahali pekee ambapo muda wao ulitambuliwa kuwa si wa nyumbani. Twiga Stars ilifika fainali za Afrika mwaka 2010, na Serengeti Girls robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022. Kwamba timu ya mabinti ilifika mbali kwenye ngazi ya dunia kuliko timu yoyote ya wavulana ni jambo linalostahili utafiti wake wenyewe. Utafiti huo ungefanya vyema kuanzia kwenye ratiba ya siku ya msichana, kabla ya kufika uwanjani.

Akademi na hesabu ya fidia

Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 wamejitokeza walipaji wapya. Makampuni ya vinywaji na simu yalidhamini mashindano ya vijana, kama Copa Coca-Cola na Airtel Rising Stars. Azam ilijenga kituo chake Chamazi. Mwanza, shule za Alliance ziliunganisha ada, bweni na mpira hadi timu yao ikapanda Ligi Kuu mwaka 2018. Kidongo Chekundu jijini Dar es Salaam kulifunguliwa mwaka 2015 Bustani ya Vijana ya Jakaya Kikwete, kwa ushirikiano wa kampuni ya Symbion na klabu ya Sunderland ya Uingereza; jina lililoazimwa zamani likarudi, safari hii likiwa na mwenyewe. Katika kipindi hicho hicho kanuni za ligi ziliruhusu wageni zaidi, hadi kumi kwa klabu mwaka 2018, jambo linaloeleweka kwa klabu inayopimwa kwa Jumapili hii.

Mabadiliko ya kijamii yaliyomo ndani ya akademi hayajazungumzwa vya kutosha. Shule ya umma ilimchukua mtoto bila kuuliza mzazi ana nini. Akademi yenye ada inamchukua mwenye kulipa, na ile yenye ufadhili inachukua wachache iliowaona. Mashindano ya udhamini hudumu wiki chache na kufuata bajeti ya matangazo. Mtoto aliyeng’ara Juni hana wa kumlisha Septemba. Kwa mara ya kwanza katika historia ya soka la nchi hii kipato cha mzazi kimekuwa sifa ya kuonekana.

Kanuni za kimataifa za uhamisho, zilizorekebishwa mwaka 2001, zinatambua kwamba malezi yana gharama. Mchezaji anapouzwa kabla ya mkataba kuisha, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka yake 12 hadi 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 hupata sehemu ndogo, na kila mwaka kuanzia 16 hupata mara mbili yake. Mgawo huo hufuata hati ya usajili. Kijana aliyelelewa na mwalimu wa michezo katika shule ya msingi ya umma, akapitia kombe la mbuzi, akala kwa shangazi na kusajiliwa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 17, hana klabu ya kuandikwa katika mistari mitano ya mwanzo ya hati hiyo. Fungu la miaka hiyo halimfikii mwalimu, shule wala shangazi; pasipo klabu ya kulidai, fedha za namna hiyo zimekuwa zikielekezwa kwa chama cha soka cha nchi alikolelewa mchezaji, kwa ajili ya maendeleo ya vijana.